Wasomaji wanauliza: nyota changa za Jabari, zile picha ni za kweli?

Toleo lililopita tuliweka ile picha ya nebula ya Jabari iliyopigwa na darubini ya James Webb, na tangu hapo maswali hayajakoma, mengine marefu kuliko makala yenyewe. Nimechagua saba. Kwa ambaye toleo lile lilimpita, Jabari ni lile kundinyota lenye nyota tatu zilizojipanga mstari, Wazungu wanaliita Orion, na nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani. Hili wingu la Jabari ni kama wodi ya wazazi, nyota zinazaliwa humo hata sasa hivi unaposoma hapa, na kati ya sehemu zote zinazozaa nyota kubwakubwa hii ndo iliyo karibu zaidi na sisi, miaka ya nuru 1,300 na kidogo. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda mwaka mzima ukikimbia kilomita 300,000 kila sekunde. Karibu, lakini karibu ya angani.

Habari za kazi mwalimu. Ile picha nimewaonyesha watu hapa gereji na wote wamesema imepakwa rangi kwa kompyuta. Tena kuna jamaa amesoma kwenye simu kwamba hiyo Webb haioni rangi tunazoona sisi. Sasa kama haioni, hizo rangi zimetoka wapi? Tuambie ukweli, ni picha au ni mchoro? (Msomaji, Tanga)

Salama kaka, wasalimie wote hapo gereji. Ni picha. Na huyo jamaa mwenye simu kasema kitu chenye ukweli, maana Webb haioni bluu wala kijani, macho yake yanaanzia kwenye rangi ya chungwa, yanapita nyekundu, alafu yanaendelea mbali sana kule ambako jicho la binadamu limeshagota, kwenye mwanga unaoitwa infraredi.

Sasa kabla hatujaenda angani fanya jambo moja leo jioni. Chukua rimoti ya tivii, zima taa, kile kitaa kidogo cha mbele kielekeze kwenye kamera ya simu (tumia kamera ya selfi, za nyuma nyingi zina kichujio kinachozuia), alafu bonyeza kitufe chochote huku unaangalia kioo cha simu. Kwa macho yako rimoti haiwaki kabisa. Kwenye simu utaona kitaa kinameta, rangi ya zambarau inayoelekea weupe. Je simu imedanganya? Hapana, mwanga upo, ndo huohuo unaobadilisha chaneli kila siku hapo nyumbani, ila jicho lako halina uwezo wa kuupokea, simu imeupokea, na kwa kuwa kioo cha simu hakiwezi kukuonyesha infraredi yenyewe imeupa rangi ambayo wewe unaiona.

Webb inafanya hivohivo lakini kwa utaratibu mkali zaidi. Kamera yake inapiga picha nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, kila moja kupitia kichujio kinachoruhusu kipande kimoja tu cha mwanga. Zikishuka duniani wataalamu wanazipa rangi kwa kufuata mpangilio, ile ya mawimbi mafupi zaidi inapewa bluu, ya mawimbi marefu zaidi inapewa nyekundu, na za katikati zinafuata katikati, mpangilio uleule wa upinde wa mvua. Ni kama wimbo ulioimbwa kwa sauti nzito mno sikio halishiki kitu, ukaja ukapandisha noti zote kwa pamoja mpaka ukasikika. Wimbo ni uleule, hakuna noti iliyoongezwa.

Na hizo rangi zina kazi. Kwenye picha za aina hii nyota ukiiona nyekundu sana mara nyingi ni kwamba imezama ndani ya vumbi na bado changa, kwahiyo rangi inakwambia wapi pa kutafuta watoto. Mkono wa mtu upo, sikatai, kuna mtu anaamua mwangaza ukae vipi na picha ikatwe wapi, kama fundi wa studio anavyofanya na picha ya harusi, ila bi harusi ni yuleyule. Na data zenyewe, zile nyeusi na nyeupe, zinawekwa wazi kwa kila mtu duniani, nyingine mara moja na nyingine baada ya mwaka mmoja wa wale walioomba muda wa darubini kuzifanyia kazi, kwahiyo hata wewe hapo Tanga ukiwa na kompyuta na bando unaweza kuzishusha ukazipanga mwenyewe.

Kitu kimoja tu nakupa ambacho hakipo kwenye nyota. Ile miale mirefu sita inayochomoza kwenye kila nyota kali inatokana na vioo vya Webb, ambavyo vina pembe sita, na nguzo zinazoshika kioo cha pili. Nyota yenyewe ni mviringo kama jua letu.

Shikamoo mwalimu. Tumesoma kwamba nyota inazaliwa ndani ya vumbi zito. Vumbi linazuia mwanga, sasa darubini inaonaje ndani? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Angalia jua linapozama ziwani wakati wa kiangazi hewa ikiwa imejaa vumbi na moshi wa mashamba. Linakuwa jekundu, tena unaweza hata kuliona kama sahani. Mwanga wa jua una rangi zote lakini ile bluu yenye mawimbi mafupi inagongana na chembe na kutawanyika, nyekundu yenye mawimbi marefu zaidi inapenya inakufikia. Sasa endeleza wazo hilohilo, chukua wimbi refu kuliko la nyekundu, linapenya zaidi. Chembe za vumbi la angani ni ndogo mno, ndogo kama chembe za moshi, na wimbi ambalo ni refu kuliko chembe linapita kama vile chembe haipo.

Kuna mfano nakuomba uutafute. Kuna sehemu inaitwa Nguzo za Uumbaji, kwenye nebula ya Tai, miaka ya nuru 6,500 kutoka hapa. Darubini ya Hubble iliipiga picha mwaka 1995 kwa mwanga wa kawaida na nguzo zikatokea nene kama vichuguu, huoni ndani. Webb ikaipiga mwaka 2022 kwa infraredi, nguzo zilezile zikawa nyepesi, na pembezoni mwake vikaonekana vijidonge vyekundu vinavyong'aa ambavyo ni nyota ndo kwanza zinazaliwa. Weka hizo picha mbili pembeni kwa pembeni, utaelewa kuliko maelezo yangu yote.

Alafu kuna sababu ya pili. Mtoto mwenyewe akiwa bado amefunikwa, joto lake linapasha lile vumbi linalomzunguka na vumbi linatoa infraredi. Mkaa ambao umeshafunikwa na jivu hauwaki lakini ukisogeza kiganja unajua upo, joto linakufikia. Webb ni kile kiganja.

Kilimanjaro tunao, mita 5,895, juu ya mawingu kabisa. Kwa nini wazungu wanatumia mabilioni kurusha darubini angani wakati wangeweza kuiweka hapo kileleni? (Msomaji, Moshi)

Hoja ya urefu ni nzuri na ndo maana darubini nyingi kubwa ziko milimani. Ile ALMA ya Chile ina antena 66 kwenye uwanda wa Atacama, mita kama 5,000 kutoka usawa wa bahari, na ndo iliyotupa mwaka 2014 picha ya nyota HL Tauri yenye umri usiozidi miaka milioni moja ikiwa imezungukwa na pete pete za vumbi, kama sahani ya santuri. Kwahiyo duniani panafaa, kwa aina fulani za mwanga.

Kwa infraredi ya Webb shida ni mbili. Hewa yetu ina mvuke wa maji na mvuke unameza sehemu kubwa ya infraredi kabla haijafika chini. Na kila chenye joto kinatoa infraredi, hewa inatoa, mlima unatoa, darubini yenyewe inatoa, yaani ni kama kutafuta kimulimuli ukiwa umeshika karabai. Dawa yake ni kwenda mbali na kuwa baridi sana. Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikapelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ikafungua mwavuli wa tabaka tano wenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Upande wa mwavuli unaoangalia jua una joto la nyuzi kama 85, upande wa pili ambako kuna vioo ni nyuzi 233 chini ya sifuri. Tabaka zenyewe ni nyembamba kama karatasi, hilo ndo linalonishangaza kila nikilifikiria. Kifaa chake kimoja kinachoona infraredi ya mbali kinahitaji baridi hata kuliko hapo na kina friji yake.

Gharama zimefika dola bilioni 10 hivi, na zimelipwa na Marekani, Ulaya na Kanada kwa pamoja. Najua ni pesa nyingi, na mtu anayeuliza zingefanya nini kwingine ana haki ya kuuliza.

Ila usiseme ya anga ni ya wazungu peke yao. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, na vitabu vyote vya fani hii mpaka leo vinaiita hivo. Ilifungua njia ambayo nyingine zimefuata, na moja kati ya hizo, Chandra, Januari 2003 iliikodolea macho nebula ya Jabari kwa muda ambao ukiujumlisha unakaribia siku kumi, ikahesabu vyanzo vya eksirei zaidi ya 1,600, vingi vikiwa ni nyota changa. Nyota changa zina milipuko mikali kuliko jua letu la leo, na hizo eksirei nazo zinapenya vumbi.

Mwanangu ana miaka minane ameuliza, nyota ina mama? Nikashindwa. (Baba, Bujumbura)

Mwambie mama yake ni wingu. Na kama ana subira ya dakika tano mwambie na haya.

Wingu lenyewe ni baridi kupita kiasi, nyuzi kama 260 chini ya sifuri, na jeusi, na kubwa. Mahali fulani ndani yake gesi inakuwa nzito kidogo kuliko pembeni, ule uzito unavuta gesi nyingine, inayokuja inaongeza uzito, na uzito unazidi kuvuta. Inaporomoka ndani kwa ndani. Kadiri inavyobanwa inapata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Na kwa kuwa wingu lilikuwa linazunguka polepole, likisinyaa mzunguko unaongezeka, kwahiyo kile kinachobaki nje kinalala bapa kuzunguka donge la katikati, kinakuwa sahani ya gesi na vumbi, na sahani hiyo ndo baadaye inatoa sayari. Dunia yetu ilitoka kwenye sahani kama hiyo.

Na mtoto anacheua. Hapa namaanisha kabisa, nyota inapokula kutoka kwenye sahani yake sehemu ya chakula inarushwa nje kupitia juu na chini, michirizi miwili inayokwenda kinyume. Septemba 2023 Webb ilionyesha moja inaitwa HH 211, iko miaka ya nuru kama 1,000 kutoka hapa, mtoto mwenyewe haonekani amefunikwa kabisa katikati, lakini michirizi yake imetoka pande zote mbili inafanana kama uso na kioo. Kwa sasa ana asilimia kama 8 tu ya uzito wa jua letu, bado anakula.

Katikati ya donge joto likifika nyuzi kama milioni 10 hidrojeni inaanza kuungana na kuwa heliamu, na hapo ndo tunasema nyota imekomaa na kujitegemea. Kwa nyota kama jua letu safari hiyo inachukua miaka milioni 50 hivi. Sio kila donge linafika. Ambalo halikupata walau asilimia 8 ya uzito wa jua halifiki joto hilo, linang'aa kwa joto la kusinyaa tu alafu linafifia taratibu. Humohumo Jabari mwaka 2023 watafiti wawili, Samuel Pearson na Mark McCaughrean, walitangaza kwamba Webb imeona vitu vyenye uzito kama wa sayari ya Mshtarii (Jupita) vinaelea bila nyota, na jozi kama 40 zikiwa mbili mbili. Wenzao wengine wamepinga, wanasema vingi kati ya hivyo ni vitu vya mbali vilivyo nyuma ya nebula, na mjadala huo unaendelea.

Assalam aleikum. Nina miaka 71, baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi na alinifundisha Kilimia, kile kishada cha nyota, tangu mdogo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota za utotoni mwangu ni zilezile za leo. Sasa nyie mnasema hii changa hii kongwe, mnazijuaje umri na hakuna aliyekuwepo? (Mzee, Lamu)

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Hili swali ndo limenifanya niandike safu nzima mwezi huu, na nafurahi umeanza na Kilimia maana Kilimia chenyewe ni ushahidi. Zile nyota ni ndugu, zimezaliwa pamoja kwenye wingu moja, na umri wao ni kama miaka milioni 100. Jua letu lina miaka bilioni 4.6. Yaani jua lingekuwa mtu wa umri wako, basi Kilimia hakijatimiza hata miaka miwili, na nyota za katikati ya Jabari ambazo zina kama miaka milioni moja hivi, hao ni wa siku chache, bado hata hawajafikisha arobaini.

Tunajuaje. Mtu akiingia hospitali asiyemjua mtoto yeyote bado atajua yupi kazaliwa leo na yupi ana mwaka, kwa dalili. Na nyota zina dalili zake.

Ya kwanza ni hizo kubwa. Katikati ya nebula kuna nyota nne kali zilizokaa pamoja zinaitwa Trapezi, na iliyo kali kuliko zote ina uzito wa majua zaidi ya 30 na uso wenye joto linalokaribia nyuzi 40,000, wakati uso wa jua letu ni 5,500. Nyota ya namna hiyo inachoma mafuta yake haraka mno, haiwezi kuishi zaidi ya miaka milioni chache. Kwahiyo kuiona inawaka ni ushahidi tosha kwamba imezaliwa juzi, wale madinosaria waliokufa miaka milioni 66 iliyopita hawakuiona kamwe.

Ya pili ni madini ya lithiamu. Nyota ndogo inazaliwa nayo kutoka kwenye wingu, alafu tumbo lake likishapata joto la kutosha inaichoma. Ukipasua mwanga wa nyota katika rangi zake, alama ya lithiamu ikiwepo unajua huyu bado mchanga. Na ya tatu, nyota changa ni nono, bado haijasinyaa, kwahiyo inang'aa kuliko itakavyong'aa ikikua, na ukipima mwangaza na joto lake kwa pamoja hesabu zinakupa umri kwa makadirio.

Lakini dalili ambayo mimi naipenda mzee wangu ni zile sahani. Mwaka 1992 mtaalamu wa nyota C. Robert O'Dell alitangaza kwamba kwenye picha za Hubble za Jabari ameona sahani za gesi na vumbi zimezunguka nyota changa. Baadaye zikahesabiwa kama 180. Na Hubble wakati huo kioo chake kilikuwa na kasoro, wanaanga walikwenda kurekebisha kasoro hiyo Desemba 1993. Ukizikuza hizo picha utaona za aina mbili. Zilizo mbali kidogo na Trapezi ni nyeusi, kama sarafu iliyoshikwa mbele ya taa, wingu lote nyuma linang'aa na hapo katikati kuna kidude cheusi cha mviringo au bapa kulingana na ilivyolala, na katikati ya weusi kuna nukta moja nyekundu, ndo nyota yenyewe. Zilizo karibu zina umbo la tone la machozi, kichwa kinang'aa kimeelekea Trapezi na mkia umepeperukia upande wa pili, kila moja, kama bendera zote za bandarini zinavyoelekea upande mmoja upepo ukivuma. Upepo wenyewe hapo ni mwanga wa ile nyota kubwa, unazibandua sahani gesi yake polepole. Yaani nyota kubwa inawalia wadogo zake chakula. Kuna moja, inaitwa d203-506, Webb mwaka 2023 ilikuta humo molekuli ya kaboni yenye hidrojeni tatu ambayo haikuwahi kuonekana angani kabla, na hiyo molekuli ni mwanzo wa kutengeneza nyingine kubwa za kaboni, aina ambazo sisi sote tumejengwa nazo. Nimesoma habari hiyo usiku mmoja nikashindwa kulala.

Sahani hizi hazidumu, baada ya miaka milioni chache zinaisha, zimekuwa sayari au zimepeperuka. Kwahiyo nyota yenye sahani nene ni changa. Kilimia chako hakina tena.

Nasikia tukiangalia nyota tunaangalia zamani, kwahiyo hizo nyota changa huenda zimeshakufa? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, zipo. Mwanga unaotufikia leo uliondoka Jabari karne ya 7, kabla ya msikiti wa kwanza wa Shanga kule Pate, ni zamani kwetu, lakini miaka 1,300 kwa kitu kinachoishi mamilioni ni kama jana. Hata ile kubwa ya Trapezi bado inawaka. Kilichobadilika ni kidogo, labda sahani moja imepungua gesi zaidi.

Naweza kuiona mwenyewe na watoto bila darubini? (Mama wa watatu, Dodoma)

Unaweza dada, na wewe una bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Nebula ya Jabari inapita karibu kabisa juu ya utosi wenu hapo Dodoma, na Dar, na Unguja, na Tanga na Pemba ndo kabisa haijaachana na utosi hata nusu nyuzi. Wenzetu wa Ulaya wanaiona imelala chini kusini, kupitia hewa nene.

Muda ni kuanzia Desemba. Katikati ya Desemba inafika juu saa sita na nusu usiku, katikati ya Januari saa nne na nusu, na katikati ya Februari saa mbili na nusu ambayo kwa watoto ndo nzuri. Ikifika Aprili jioni inakuwa imeshaelekea magharibi. Tafuta zile nyota tatu za mstari. Kaskazini mwake utaona nyota kubwa inayoelekea wekundu, kusini nyeupe kali. Sasa kutoka kwenye zile tatu teremka upande wa kusini, kuna tatu nyingine ndogo zimejipanga mstari mfupi, hafifu. Ya katikati iangalie vizuri, haijakaa kama nukta, ina ukungu ukungu. Huo ukungu ndo wodi yenyewe.

Usitegemee rangi. Jicho usiku halishiki rangi ya vitu hafifu, utaona kijivu, na waambie watoto mapema wasije wakavunjika moyo kwa kulinganisha na picha. Mimi mara ya kwanza niliiona Pemba, Februari, umeme umekatika mtaa mzima, nikaazima binokula za jirani anayekwenda nazo baharini nikalala chali kwenye mkeka uani maana ukisimama shingo inakufa. Nilichoona ni kama pumzi ya mtu kwenye kioo, na ndani yake vinukta viwili vitatu vimebanana. Nilijua nimeona vitu ambavyo havikuwepo wakati binadamu wa kwanza wanatengeneza mawe ya kukatia pale Olduvai, na nilibaki hapo mpaka umeme ukarudi.

Kwahiyo mkeka, binokula kama mnapata (hata za bei ndogo zinatosha), taa zote za nje zimeni, simu wekeni ndani kabisa, na mkae gizani dakika 20 kabla ya kuanza kutafuta ili macho yazoee. Mwezi ukiwa mkubwa usihangaike, subiri wiki mbili. Na Dodoma Februari mawingu ya mvua yanaweza kuwasumbua, ikitokea hivo jaribuni usiku unaofuata, mvua ikishaosha vumbi hewa inakuwa safi na hapo ndo inaonekana vizuri zaidi.